Mjomba au Baba Mdogo?

Jumapili, 31 Agosti

Leo ukumbi wa video wa Mama Nyiramahirwe ulijaa mpaka watu wakakalia makreti pale mlangoni. Kwa ajili ya nani? Kwa ajili yangu! Mama mwenyewe amesema: tangu afungue ukumbi hapa Mabanga, hajaona watu wazima wakigombania benchi kwa sababu ya katuni za Kijapani.

Nusu yao hawasomi Kifaransa haraka. Maandishi ya chini yanapita kabla hawajamaliza neno la pili. Ndiyo kazi yangu — nakaa kando ya skrini na mikro, macho yanasoma Kifaransa, mdomo unatoa Kiswahili. Sauti zote ni zangu. Wazee, watoto, askari. Hata farasi nawakoholesha. Kwenye filamu hawakohoi, lakini wangu wanakohoa na watu wanapenda.

"Ngome ya Chumvi", epizodi ya kumi na tisa. Chinami alipolia, mama mmoja anayeuza nyanya alilia naye. Nikajisemea: Asma, we ni noma.

Halafu Bienvenu akanyoosha mkono kama yuko auditoire ya chuo. Bienvenu wa Himbi, mwenye wifi kwao, ndiye anayetupakulia epizodi na kutuletea kwenye fulashi. Kwa hiyo anajiona mwenye ukumbi. Akasema: "Asma, nani alikuambiya Tetsuma ni mujomba? Mu Kifaransa banasema oncle tu. Oncle anaweza kuwa mujomba, anaweza kuwa baba mudogo. Weye njo ulichagua!"

Soko zima likalipuka ndani ya ukumbi.

Kwa sababu hilo ndilo jambo lenyewe! Epizodi ya kwanza, Tetsuma anachoma lango la ngome, anampiga mlinzi, anamtia Chinami mdogo ndani ya gunia la chumvi na kukimbia naye. Chinami amekua akimtafuta amuue. Tetsuma hajajitetea hata mara moja. Kwa nini alifanya vile? Akiwa baba mdogo, yaani ndugu wa bwana wa ngome, basi alitaka kiti: ondoa mrithi, kaa wewe. Akiwa mjomba, ndugu wa mama, kiti si cha ukoo wake, hawezi kukipata hata akichoma ngome saba. Basi alikuwa na sababu nyingine. Neno moja tu, na mtu anakuwa mwizi au mkombozi.

Na neno lile nililisema mimi. Tangu siku ya kwanza. Wote wameifuata hadithi kupitia mdomo wangu.

Nimekasirika. Lakini pia — nani mwingine hapa Goma ana neno moja la kuwagombanisha watu wote wale?


Jumatatu, 1 Septemba

Twagirayezu alisimamisha pikipiki katikati ya barabara, abiria nyuma, ili aniulize: mujomba ao baba mudogo? Abiria alikuwa amechelewa. Akapiga kelele. Halafu akauliza ni hadithi gani. Twagirayezu akamweleza yote kwa dakika mbili, na vizuri kabisa — hakosi hata Jumapili moja, na anakaa mbele kuliko wote. Abiria akakata maneno: ni baba mdogo, wa kwake alichukua parseli yote ya marehemu baba yake, ardhi na nyumba, mpaka choo.

Kila mtu anamwangalia Tetsuma anamwona wa kwao.


Jumatano, 3 Septemba

Bienvenu alikuja mchana kumwona Mama Nyiramahirwe. Nilikuwa nyuma ya pazia napanga nyaya, nikasikia kila kitu. Anasema tafsiri yangu inaharibu hadithi. Natia chumvi. (Kwenye "Ngome ya Chumvi"! Hata hakucheka mwenyewe.) Anasema yeye anajua Kifaransa cha shule nzuri, anasoma na mabaraza ya mashabiki kwenye intaneti, kwa hiyo apewe mikro yeye, atatafsiri kama ilivyoandikwa.

Nikatoka kwenye pazia. Nilikuwa na waya shingoni, lakini nilitoka kwa heshima.

Nikamwambia: tafsiri sasa hivi. "Oncle." Sema kwa Kiswahili, tukusikie.

Akasema: "Oncle."

Mama Nyiramahirwe alicheka mpaka akakaa. Lakini ni mfanyabiashara, ameona faida. Akaamua: tubishane mbele ya watu kila Jumapili mpaka epizodi ya mwisho, tarehe ishirini na moja. Ikitoka kwamba Tetsuma si mjomba, mikro inakwenda kwa Bienvenu, mfululizo ujao na yote itakayofuata. Akiwa mjomba, Bienvenu ataendelea kupakua na atafunga mdomo. Na ile ya mwisho Bienvenu asiitazame nyumbani kabla yetu, wala asisome mwisho wake kwenye intaneti. Akaapa kwa mama yake.

Nilikubali kabla Mama hajamaliza sentensi. Ndivyo nilivyo. Nilipofika nyumbani ndipo nikaelewa nimefanya nini. Mikro ile ndiyo kitu pekee ninachokifanya vizuri kuliko mtu yeyote ninayemjua. Nikikaa benchi nikimsikiliza Bienvenu anasema "oncle, oncle" — mi nitakufa, nasema kweli.


Ijumaa, 5 Septemba

Mjomba Aruna amerudi na lori lake kutoka mji wa Kiwanja. Fuso imejaa maharage na ndizi, amechoka, barabara imemla. Habari za ugomvi zilikuwa zimeshamfikia huko huko! Alizisikia kwa dereva mwenzake. Jina langu limefika Kiwanja kabla yangu.

Aliswali, akala, kisha akaniuliza ni kwa nini nilichagua mjomba. Nikamweleza nilikuwa na sekunde moja. Neno linapita chini ya skrini, mdomo unasema lililo karibu. Na lililo karibu na mdomo wangu ni hilo, nimelisema tangu nikiwa na miaka minne, kila asubuhi, mlangoni kwake.

Wala Mjomba Aruna si ndugu wa mama yangu. Watu hapa wanadhani ndiye, na sisi hatujawahi kumsahihisha mtu. Mama alikuwa wa Kindu, yeye ni wa Kasongo, walipanga vyumba viwili vya parseli moja. Mama alipofariki, Mjomba hakutangaza kitu. Alihamisha tu godoro langu upande wake.

Nikamwambia leo, kwa utani: labda nilikosea, labda nikuite jirani. Akasema: "Weye niite vile unataka. Lakini siku ya ndoa yako, mbuzi ya mujomba nitaikula miye, na nitaomba nono."


Jumapili, 7 Septemba

Nimeshinda! Nimeshinda, nimeshinda, sauti imekauka, nimekunywa maji vikombe vitatu, niandike kabla sijasahau hata herufi.

Epizodi ya ishirini. Chinami anachumbiwa. Wajumbe wanaleta zawadi: hariri, upanga, farasi (nikawakoholesha). Zawadi zinapita njiani mbele ya Tetsuma, amejificha ndani ya umati. Naye anageuza uso. Basi!

Bienvenu akasimama juu ya benchi. Amejifunza, hazungumzi tena kama profesa, anazungumza na Mabanga: "Mumeona? Posa ya mutoto inapita, mujomba anageuza uso? Mujomba! Mbuzi yake iko inapita! Batu ya hapa, munanijibu: kuko mujomba gani anaacha mbuzi?"

Ukumbi ulilia kwa kicheko. Na kusema kweli aliwashika. Hapa mbuzi wa mjomba, yule anayetolewa kwenye mahari, hapiti hivi hivi, harusi inaweza kusimama kwa ajili yake. Hata Twagirayezu, mtu wangu, alijikuna kichwa akasema ile kweli ni shida. Mama wa nyanya akasema huko Japani labda hakuna mbuzi. Mwingine akasema hata kama hakuna mbuzi, samaki yupo.

Lakini nikasimama polepole. Mtu akisimama haraka wanajua anaogopa.

Nikasema kwanza: anayetafutwa auawe hadai mbuzi. Akidai, anajitaja. Wakanguruma kidogo, haikutosha. Ndipo nikamwomba Mama arudishe epizodi ya kwanza, pale penye moto. Simamisha hapo! Tetsuma anakimbia, gunia begani, lango linaanguka. Angalieni mkono wa kushoto.

Viatu. Viatu viwili vya mtoto, vyenye kengele ndogo. Ngome inaungua, watu wanamfuata kwa mishale, naye ameingia chumbani kuchukua viatu.

Mimi nimeviona tangu siku ya kwanza, kwa sababu mimi siangalii kama wao, mimi natafuta nani anafungua mdomo, kwa hiyo naona vyote. Nikawauliza: mtu aliyefuata kiti cha bwana atakumbuka viatu vya mtoto? Huyu hakumwiba. Alijua wanakwenda mbali. Alimwondoa. Na kama alimwondoa nyumbani kwa baba yake, basi hatari ilikuwa ndani ya nyumba.

Twagirayezu akapanda juu ya kreti akaanza kupiga makofi, na ukumbi wote! Mama wa nyanya akanishika uso kwa mikono miwili. Bienvenu alitazama viatu vile kwenye skrini kwa muda mrefu. Akasema si hoja ya ukoo, viatu havisemi kama ni mjomba. Hakuna aliyemsikiliza.

Nimerudi nyumbani kichwa kimevimba hivi, sijui kama kitapita mlangoni.


Jumatatu, 8 Septemba

Kimepita. Lakini kwa shida!


Jumapili, 14 Septemba

Sitaki kuandika.

Basi niandike. Epizodi ya ishirini na moja. Bwana wa ngome amekufa, ngome iko wazi. Tetsuma anaingia peke yake. Anatembea ukumbi mzima. Anakaa kwenye kiti.

Anakaa! Kwenye kiti!

Nilikuwa na mikro na hakukuwa na neno la kutafsiri, hakusema kitu, nikabaki nimeishika kama mwiko. Mwisho wa epizodi.

Bienvenu alifungua mikono tu, kama anapokea mvua. Watu wakaanza: "Baba mudogo! Baba mudogo!" Na ni wale wale waliopiga makofi wiki iliyopita. Mama wa nyanya amekwepa macho yangu. Twagirayezu peke yake ndiye aliyebisha, eti labda alichoka, batu banachokaka. Asante, Twagira, lakini hiyo si hoja.

Mama Nyiramahirwe aliniambia wakati wa kufunga kwamba ahadi ni ahadi. Hakusema kwa ubaya.


Jumanne, 16 Septemba

Nilipopita sokoni wananiita "Binti ya baba mudogo". Nimewajibu kila mmoja kwa jina lake. Sikushusha kichwa. Mwanamume mmoja wa kuuza kadi za simu anasema mdogo wake anajua mwisho, ameusoma kwenye intaneti, kwa kuwa kitabu cha picha cha hadithi hii kilikwisha zamani. Nikiwa na haja, ataniambia bure.

Nilisimama. Nikiri, nilisimama sana. Ningejua, ningejiandaa, ningebadilisha hata neno moja Jumapili...

Nikamwambia hapana. Kama nitaanguka, nianguke nikiujua mwisho pamoja na wengine wote.

Halafu nimewaza siku nzima kuhusu kile kiti. Alikaaje? Nimejaribu mwenyewe, kwenye kiti cha Mjomba Aruna. Anayekuja kutawala anajaza kiti. Tetsuma alikaa pembeni, ukingoni, kama mtu anayengoja aitwe. Nilijua mimi! Sina la kuthibitisha, lakini nilijua.


Jumapili, 21 Septemba

Naandika hapa hapa ukumbini. Umeme umekatika, jenereta nayo imezima, Mama Nyiramahirwe amekwenda mwenyewe na kidumu kutafuta mafuta. Epizodi haijaisha. Hakuna anayetoka, wanaogopa kupoteza benchi. Naandika, kwa sababu nisipoandika nitapigana na mtu.

Tangu mwanzo. Ukumbi haujawahi kujaa hivi. Wamekuja hata wa Himbi, marafiki wa Bienvenu, na viatu vyeupe kwenye mawe yetu meusi. Tumeanza.

Chinami anaingia ngomeni. Tetsuma yuko kwenye kiti, hashiki silaha. Chinami anamwekea upanga shingoni. Anamwambia: wewe ni damu yangu, uliwezaje?

Halafu picha za zamani. Bwana wa ngome, baba yake Chinami, na mafundi wa kuta. Ukuta mpya wa chumvi unaanguka kila wakiujenga. Mganga anasema ujengwe na mtoto wa bwana ndani yake, akiwa hai. Na bwana anakubali! Baba mzazi! Mlangoni amesimama mtu na taa, anasikia yote. Tetsuma.

Ukumbi ulipiga yowe. Hatari ilikuwa ndani ya nyumba, nilisema! Nilisema au sikusema! Twagirayezu alinigeukia amefumba macho kama anaomba. Nilitaka kuruka lakini maandishi yalikuwa yanakuja, kazi ni kazi.

Na maandishi yakaja. Tetsuma anafungua mdomo. Nikayasoma kabla ya mtu yeyote mle ndani, nusu sekunde kabla ya Bienvenu.

"Je ne suis l'oncle de personne."

Ningeweza kuwadanganya. Wengi wao hawasomi. Ningesema kitu kingine, ningepita. Lakini sauti ya Tetsuma ni yangu, nimembeba mtu huyu epizodi ishirini na mbili, sikuweza kumtia uongo mdomoni siku yake ya mwisho. Nikavuta pumzi. Nikasema kwa sauti yake nzito, polepole, kila mtu asikie:

"Mimi si mjomba wa mtu. Nilikuwa mlinzi wa lango. Ulikuwa mdogo, ulimwita kila mwanamume hivyo."

Nimejihukumu kwa mdomo wangu mwenyewe, na nilitamka vizuri.

Bienvenu alikuwa mdomo wazi. Kwa hiyo hakutazama kabla, kiapo chake kilikuwa cha kweli, nimpe haki yake. Wala si mjomba, wala si baba mdogo. Si mtu wa ukoo hata kidogo! Wiki tatu tumemgombania mlinzi wa lango!

Na picha inaendelea. Chinami amenyamaza. Upanga unashuka. Anamtazama yule mzee ukingoni mwa kiti. Anasema neno moja, na chini limeandikwa: "Oncle."

Sekunde moja. Ileile.

Nikasema: "Mjomba."

Na umeme ukakatika.

Sijawahi kusikia kelele kama zile. Bienvenu akaruka mabenchi mawili mpaka kwangu: "Umekosea! Amesema sasa hivi si mujomba! Mu Kijapani banaita vile kila mutu mukubwa, ni heshima tu!" Twagirayezu akajibu kwa sauti ya barabarani: "Heshima? Miye naita kila mteja tonton, njo oncle ile ile, toka asubui! Sisi bote hapa! Na hakuna mwenye alifikiria ile? Bapumbavu sisi!" Watu wakacheka, wakanyamaza, wakacheka tena. Mama wa nyanya alikuwa analia waziwazi. Anasema miye pia, miye pia nilikuwa na mutu wa vile.

Mmoja wa wale wa Himbi akasema ahadi ni ahadi, si mjomba, mikro ibadilishe mkono. Wengine: msichana mwenyewe amemwita! Mama Nyiramahirwe akachukua kidumu, akasema asimkute mtu asiye na adabu, na mikro isiguswe mpaka arudi.

Bienvenu akabaki amesimama mbele yangu, mkono umenyooka. Hakuwa na kiburi tena, lakini mkono ulikuwa umenyooka.

Nikampa.

Ndiyo, nilimpa! Mwenyewe. Nikamwambia: ichukue, umeme ukirudi tutarudia palepale. Msichana ametafuta miaka yote mtu wa kuua. Amekuta mtu aliyeacha kazi, nyumba na jina lake kwa ajili ya mtoto wa wengine. Anafungua mdomo kumwita. Una sekunde moja. Sema wewe.

Akaanza: "Mlin—" Akaacha. "Bwana..." Watu wakaguna. Akaangalia mikro. Amekaa chini, hapa kando yangu, midomo inatembea bila sauti, anajaribu moja baada ya jingine kama mtu anayejaribu funguo. Simsaidii. Nimekaa wima kabisa na naandika, na nina furaha ambayo sijui niiweke wapi, na sijui kama mikro hii itakuwa yangu kesho.

Mama Nyiramahirwe amerudi. Jenereta imekohoa, imeshika. Skrini imewaka, amerudisha nyuma kidogo. Mlinzi wa lango. Kila mwanamume hivyo. Kimya cha Chinami. Upanga unashuka.

Bienvenu ameinua mikro. Ananitazama mimi, na midomo yake tayari imeshika neno langu.